Vile unaweza kujenga biashara ya vidio hapa Nairobi bila kungoja hela ya YouTube

Vijana wengi hapa mtaani wanaanza chaneli wakiwa na hesabu moja tu, niposti vidio, watu waangalie, YouTube watume dola. Si uongo, lakini imepangwa kinyumenyume, kwa sababu pesa ya matangazo ndio huchelewa kuja na ndio huwa ndogo kama watazamaji wako wengi wako Kenya. Karibu kila mtu ninayemjua anayekula kutokana na vidio, hela yake ya kwanza ilitoka kwa mtu wa karibu tu, mwenye duka, mwenye saluni, kanisa, ajenti wa nyumba, mtu aliona kazi yake akasema hebu nishutie na mimi. So huu mwongozo nimeupanga vile pesa huja, sio vile tunatamani ije.

Na usidhani hii ni kitu ya juzi. Kabla intaneti ya maana ifike, River Road ilikuwa na watu wanashuti komedi za lugha za nyumbani kwa siku chache, wanaziweka kwa VCD na kuziuza hapo hapo barabarani, mpaka watu wakaita hiyo kazi Riverwood. Hawakungoja stesheni iwape nafasi. Kitu iliwaumiza ni kopi za wizi, vidio inatoka leo kesho iko kwa kila meza ya mtaa na mwenyewe hapati hata shilingi. Sisi tuna bahati, siku hizi kazi yako ikiibwa kuna pahali pa kuidai, ndio maana nitarudia hii kitu ya umiliki mpaka uchoke nayo. Na walioamini wanaweza kujisimamia tunawaona, Lynn Ngugi alitoka kwa chumba cha habari 2021 akafungua kipindi chake mwenyewe, Abel Mutua naye alikuwa mtu wa televisheni, akakaa mbele ya kamera akaanza kusimulia stori tu na watu wakamfuata.

Hatua ya 1: chagua mada ambayo kuna mtu mwingine atailipia

Kila mtu atakwambia ufanye kitu unapenda, na ni kweli, lakini jiulize pia, ukitoa YouTube pembeni nani mwingine ana sababu ya kukulipa? Ukishuti nyumba za kupanga kutoka Roysambu mpaka Juja, maajenti watakulipa. Ukishuti mitumba ya Gikomba, kuna wenye marobota wanataka wateja wa rejareja. Nganya, zile matatu zilizopambwa, za Rongai na Umoja, wenye magari wanajenga jina na jina ndio linajaza gari. Mapishi ya mwanafunzi wa hosteli, kuna watu wa unga, mafuta na gesi. Lakini "vlogi ya maisha yangu" haina mtu wa kuilipia mpaka uwe maarufu kwanza, na hiyo ni njia ndefu sana kwa mtu ana kodi ya mwisho wa mwezi.

Chagua moja, kaa nayo miezi kadhaa, hapo umemaliza hii hatua.

Hatua ya 2: nunua sauti kabla ya picha

Simu uliyo nayo sai, kama si ya zamani sana, inatosha kwa picha. Pesa yako ya kwanza iende kwa maiki. Mtu atavumilia picha yenye ukungu kidogo lakini sauti ikiwa mbaya anatoka kabla hujamaliza salamu. Pitia Luthuli utapata zile maiki ndogo za kubana kwa kola, za waya au zisizo na waya, jaribu na simu yako hapo hapo dukani kabla ulipe, rekodi, vaa iyafoni usikize. Muuzaji akikataa ujaribu nenda duka linalofuata, yako mengi.

Wacha nieleze kidogo vile sauti inashikwa mahali pa kelele kwa sababu hapa ndio Nairobi inatofautiana na vile vidio za mafunzo za wazungu wanashuti ndani ya chumba kimya. Tuseme uko Kamukunji kwa jua kali na unataka fundi akueleze vile anatengeneza sanduku la bati la mwanafunzi. Pale nyundo hazinyamazi. Usimhoji akiwa katikati. Kwanza shuti kazi yenyewe na makelele yake yote, mikono, bati likikunjwa, bawaba ikipigwa, karibu kabisa, hiyo sauti ya nyundo ni nzuri na ndio roho ya vidio. Halafu mtoe fundi kando, nyuma ya lori au ndani ya stoo yenye marobota, kitu chochote laini kinameza mwangwi, bana maiki ndani ya shati lake kama shibiri moja chini ya kidevu, hakikisha kitambaa hakiisugui akigeuka, muulize maswali hapo. Ukiediti unaweka maneno yake juu ya picha za kazi. Na kabla uondoke shuti nusu dakika ya kelele za pale bila mtu kuongea, itakusaidia kuziba mikato isisikike. Hii njia itakupa kazi safi na bado uko na simu tu na kimaiki cha bei ya chini.

Stendi ya simu nunua, taa si lazima, dirisha asubuhi linatosha. Kuediti, CapCut kwa simu, na ukiwa na laptopu yenye nguvu DaVinci Resolve iko na toleo la bure ambalo hata watu wa filamu wanatumia. Bando ndio itakusumbua, kama huna fiba kwa nyumba weka vidio ziende usiku kwa bando za usiku, au tafuta vituo vya Ajira Digital, ule mpango wa serikali wa kazi za mtandaoni, vingine viko na kompyuta na intaneti ya bure kwa vijana na ni haki yako kuvitumia.

Hatua ya 3: ruhusa, usiruke hapa tafadhali

Naomba usome hii polepole kwa sababu nimeona watu wakipoteza simu, pesa, na wengine chaneli nzima.

Kushuti katikati ya mji kanjo, wale askari wa kaunti, watakuuliza kibali, hasa ukiwa na stendi na kamera inayoonekana. Uliza kaunti kwanza kabla ya siku ya kushuti. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, inasema filamu ya kuonyeshwa umma au kuuzwa inahitaji leseni, so kazi yako ikianza kuwa kubwa, na waigizaji na timu, fuatilia hiyo leseni mapema. Moli ni mali ya mtu, omba meneja. Droni usirushe bila kupitia KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege. Karibu na kambi za jeshi na ofisi nyeti za serikali usitoe hata simu.

Halafu watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inafanya sura ya mtu kuwa data yake, na si maneno tu, 2023 Kamishna wa Data alipiga faini mahali pa starehe hapa Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa sababu waliposti picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikapigwa milioni 4.55 kwa kuposti picha za watoto bila wazazi kukubali. Hizo ni pesa za kufunga biashara yako kabla ianze. Dawa ni rahisi, kabla ya kumhoji mtu washa kamera umwambie aseme jina lake, kwamba amekubali kurekodiwa na kwamba anajua vidio itaenda kwa intaneti. Sekunde kumi. Hiyo klipu usiifute. Mtoto, lazima mzazi aseme yeye mwenyewe. Mtu akikupigia baadaye aseme ameondoa idhini yake, mtoe kwa vidio, usibishane naye.

Muziki nao. Nyinyi wa nganya hii ni yenu kabisa, ukishuti ndani ya gari muziki ukiwa juu, mfumo wa YouTube utautambua huo wimbo na pesa ya hiyo vidio inaweza kwenda kwa mwenye wimbo, au vidio ifungwe. Ongea na dere na konda mapema, mshuti mara ya kwanza na muziki kwa ajili ya picha, mara ya pili ukiwa umezimwa upate sauti ya injini na watu. Muziki wa chini chukua kwa maktaba ya bure ya YouTube yenyewe. Onyo tatu za hakimiliki ndani ya siku 90 na chaneli inaweza kufungwa, kazi yako yote inaenda nayo.

Hatua ya 4: toa vidio kumi bila kuangalia namba

Posti siku moja kila wiki, siku ile ile. Vidio kumi za kwanza usizipime kwa watazamaji, zipime kwa swali moja, mwenye duka akiona hii ataelewa naweza kumfanyia nini? Kwa sababu hizo kumi ndio sampuli zako, ndio utakuwa unamtumia mtu kwa WhatsApp akikuuliza umeshawahi kufanya nini. Kata mwanzo wote wa "hello watu wangu karibuni tena", onyesha kitu chenyewe ndani ya sekunde tano. Vifupi vya TikTok na Shorts vitakuletea watu, vidio ndefu ndio zitawafanya wakuamini, fanya zote mbili kutoka kwa siku moja ya kushuti, usishuti mara mbili.

Hatua ya 5: klaienti wa kwanza

Hapa ndio biashara inaanzia. Usingoje wakutafute. Chagua duka ambalo tayari linauza kitu kinachopendeza kwa macho, mapazia, viatu, keki, fanicha za Ngong Road, nenda asubuhi kabla wateja wajae, nunua kitu kama unaweza, omba kushuti dakika kumi bure, mtumie jioni hiyo hiyo. Moja tu bure. Ya pili ina bei.

Mazungumzo ya bei huwa yanaenda hivi, tuseme ni mama wa mapazia Eastleigh:

"Habari ya asubuhi mama, ni yule kijana wa vidio. Nimefurahi umeipenda. Naweza kukufanyia vidio tatu za kila mwezi, nashuti siku moja, nakuletea zikiwa tayari za TikTok na Facebook. Ni elfu kumi na tano."

"Sawa mwanangu lakini hiyo ni nyingi, biashara iko chini. Si ufanye elfu kumi."

"Elfu kumi ni sawa mama, tutafanya mbili badala ya tatu. Ukiona zimekuletea wateja tunaongeza ya tatu mwezi ujao."

"Haya, nitumie namba."

Umeona hapo? Bei ilishuka na kazi ikashuka nayo. Ukipunguza bei na kazi ikabaki ile ile umemfundisha kwamba bei yako ya kwanza ilikuwa ya kubuni, na atakuomba tena kila mwezi. Nusu ya pesa iingie kabla ya siku ya kushuti, nusu ukimwonyesha vidio zikiwa zimekamilika na bado ziko na alama ya jina lako juu, akimaliza kulipa unamtumia safi. Na yote mliyoelewana yaandike kwa meseji moja ndefu, vidio ngapi, urefu gani, marekebisho mara ngapi (sema mara mbili, la sivyo utaediti mpaka Krismasi), tarehe gani. Akijibu "sawa" hiyo ni makubaliano yenye unaweza kuonyesha.

Pesa ya kazi isiingie kwa laini yako ya kawaida. Fungua Pochi la Biashara ya M-Pesa au chukua till, hata kama ni elfu mbili imeingia, uione peke yake. Wengi wanasema vidio hazilipi na ukweli ni kwamba zililipa, ilichanganyika na pesa ya chakula na hakuna mtu anajua iliishia wapi. Jina la biashara unasajili kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, usingoje ukuwe mkubwa, kampuni nyingi haziwezi kulipa mtu hana jina la biashara na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi.

Hatua ya 6: sasa YouTube

Ili matangazo yaanze kukulipa unahitaji wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya watu kutazama vidio zako ndefu za umma ndani ya miezi 12, au Shorts zako ziangaliwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwa vidio ndefu wewe unabaki na asilimia 55 ya pesa ya matangazo, kwa Shorts asilimia 45 ya fungu ulilogawiwa. Na kiwango kinategemea mtazamaji yuko wapi, mtu wa Marekani au Uingereza analeta zaidi ya mtu wa Kayole, ndio maana vidio zinazowagusa Wakenya walio nje, kama bei za ploti, ujenzi wa nyumbani, mabadiliko ya mitaa waliyokulia, huwa zinalipa vizuri kuliko vile ungedhani. Usijifanye mzungu ili kuwapata, wanakutafuta wewe ukiwa Mkenya.

Ukikubaliwa kuna mambo matatu yanawakwamisha watu.

La kwanza ni barua. Mapato yakifika dola 10 Google wanatuma barua halisi ya karatasi yenye namba ya siri kwa anwani yako, na vijana wengi hawana sanduku la posta. Ukiandika "Pipeline, karibu na steji" haitafika. Omba kutumia sanduku la mzazi, kanisa au mwajiri, au ujisajili na ile huduma ya Posta ya kugeuza namba ya simu kuwa anwani. Fanya hivyo kabla ya kufungua akaunti ya AdSense, ile ya Google inayokulipa pesa ya YouTube, sio baada. Ikichukua miezi minne kutoka barua ya kwanza na hujaweka hiyo namba, matangazo yanasimamishwa.

La pili ni fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, iko ndani ya AdSense. Ukiiacha wanaweza kukata mpaka asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Ukiijaza, kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, wanakata asilimia 30 lakini ya ile pesa iliyotoka kwa watazamaji wa Marekani peke yake. Kwa wengi wetu hapa hiyo ni tofauti kubwa sana, na ni kazi ya muda mfupi tu.

La tatu ni jina. Jina la AdSense lifanane na la akaunti ya benki kama lilivyo kwa kitambulisho, sio jina la usanii. Malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26 ukifikisha dola 100, uliza benki yako wanakata ngapi kupokea pesa kutoka nje, benki hazikati sawa.

TikTok huku kwetu pesa inayoonekana ni zawadi za laivu. Ichukue ikija, lakini usiweke kodi ya nyumba juu yake.

Hatua ya 7: brandi na mkataba

Brandi ikikutafuta, bei ni nusu tu ya mazungumzo. Nusu nyingine ni, watatumia hii vidio kwa muda gani na wapi? Kuposti kwa chaneli yako ni kitu kimoja, wao kuchukua sura yako waifanye tangazo la kulipia kwa mwaka mzima ni kitu kingine na kina bei yake. Andika miezi, mfano miezi mitatu, baadaye walipe tena. Wakitaka usifanye kazi na mshindani wao, hizo kazi utakazokataa wazilipie. Faili mbichi zibaki zako isipokuwa wamezinunua, na mkataba uliosema "haki zote milele" urudishe na uombe ubadilishwe, mara nyingi wanabadilisha, ni vile watu wanaogopa kuuliza. Jueni pia ajensi kubwa zinaweza kulipa baada ya siku 60 hata 90, so hiyo pesa usiihesabu kwa mwezi wa kazi, na omba sehemu ya mbele ya kutosha gharama za kushuti.

Na mtazamaji ajue ni tangazo, sema mapema ndani ya vidio. Wanaokufuata ndio mali yako, na wakijua uliwaficha hawarudi.

Hatua ya 8: KRA

Tangu Julai 2023 mapato ya kontenti ya mtandaoni yana kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya. Maana yake brandi ikikulipa elfu 40 inakata elfu 2 ipeleke KRA, wewe unapata 38. Hiyo elfu 2 haijapotea, ni kodi umelipa mapema, inatolewa kwa ile ya mwaka, lakini lazima uone cheti chake kwa iTax, tovuti ya KRA. Usipokiona wapigie wahasibu wao. Kampuni pia zitakuomba invoisi ya eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na hiyo invoisi KRA haiwakubalii, so jisajili kabla wakuulize, nimeona kazi nzuri ikienda kwa mtu mwingine sababu tu ya hii. Ritani ni kabla ya 30 Juni, na weka risiti za maiki, bando, nauli za kushuti, editi, hizo ni gharama za biashara.

Hatua ya 9: mtu wa pili

Ukifika mahali unalala saa tisa usiku kwa kuediti na unakataa kazi, tafuta mtu wa kuediti kabla ya kununua kamera kubwa. Mlipe kwa vidio, sio kwa ahadi ya kuinuka pamoja, na mwandikie vile vile ulivyotaka brandi ikuandikie, bei, tarehe, jina lake liwe wapi. Mpe faili kwa diski, baki na kopi nyingine kwako, kwa sababu mama wa mapazia atarudi Desemba aseme zile vidio za Machi zilienda wapi, anataka kuzitumia tena, na hiyo ni invoisi nyingine.